Viraka vya Makusudi

Tanga lilikuwa likishushwa nilipofika ufuoni. Juu kabisa kulikuwa na gunia la plastiki lenye maandishi ya kijani yaliyofifia. Chini yake turubai la bluu, kisha kitambaa cha pamba ambacho zamani kilikuwa cheupe, kisha kipande cha bango la kampeni kilichobakiza jicho moja la mgombea na nusu ya ahadi yake. Vyote vilikuwa vimeunganishwa kwa uzi wa nyavu, mshono umelazwa ukarudiwa, na hakuna mstari hata mmoja ulionyooka. Upepo ulilijaza kwa mara ya mwisho kabla kamba haijalegezwa, na lile jicho likanikodolea. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akilikunja ni nani aliyelibuni. Akanitazama kama niliyeuliza nani amebuni ugali.

"Halikubuniwa, mama. Lilikuwa linapasuka."

Nilikuwa nimekuja Sindo kushona mfarishi wa viraka. Wengi wanaoteremkia upande huu wa Homa Bay huja kuwaona wanyama wa Mbuga ya Ruma, au kuzuru kaburi la Tom Mboya kule Rusinga, au kununua samaki na kugeuza. Mimi nilikuwa na begi la vitambaa nilivyovipaka rangi kwa mkono wangu juu ya paa la nyumba yetu Mombasa, pamoja na deni la muda mrefu: wifi yangu, mke wa kaka, ni binti wa Sindo, na mama yake ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi wifi amekuwa akiniambia kwamba mimi na mama yake tunaugua ugonjwa mmoja wa kutotupa kitambaa, na kwamba ingefaa tuuguzane.

Kutoka Kisumu nilipanda matatu kupitia Bondo hadi Luanda K'Otieno, nikavuka kwa feri mlango wa Ghuba ya Winam hadi Mbita, kisha nikashika pikipiki kwenda kusini, ziwa likiwa mkono wa kulia na vilima vya Gwassi vikijiinua mbele. Vumbi lilinipaka rangi kabla sijapaka chochote.

Sindo ni mji wa ufuo katika Suba Kusini. Ni nchi ya Abasuba, ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda, ingawa leo masikio yako yatasikia Kijaluo karibu kila mahali. Maisha yanakwenda kwa saa ya omena. Omena, hao dagaa wadogo wa fedha, huvuliwa usiku wa giza: wavuvi huelea na taa juu ya maji, samaki hufuata mwanga, wavu hutupwa. Mwezi ukipevuka taa haina kazi tena, kwa kuwa ziwa zima limewaka. Mashua hukaa, na wanawake wanaoanika na kuuza hupata siku chache za kunyoosha mgongo. Wifi alikuwa amenipangia nifike siku hizo, na alijua alichokuwa akifanya.

Mama yake hukaa chini ya ukumbi wa bati, nyuma ya soko, na cherehani ya kukanyaga kwa mguu ambayo rangi yake nyeusi imekwisha palipo na mkono. Sokoni wanamwita Nyar Gwassi, binti wa Gwassi, kwa kuwa ndiko alikoolewa kutoka. Wajukuu wanamwita Dani. Mimi nilimwita Mama, naye akaniita nyathina, mwanangu, tangu salamu ya kwanza, na kuanzia hapo sikuwa mgeni wa kupewa kiti kizuri. Nilipewa mkasi.

Kazi inayomlisha Nyar Gwassi ni sare za shule. Hilo ni jambo la kuliweka akilini, kwa sababu mabaki yake yote ni ya rangi za shule za Kenya: kijani cha chupa, buluu ya giza, hudhurungi ya kaptula, rangi ya damu ya mzee ambayo wasichana wa sekondari huvaa na kuichukia, na miraba myekundu ya vitambaa vya shati. Ameyajaza kwenye magunia chini ya meza. Hakuna ua humo, hakuna doa la mchezo. Ni vitambaa vilivyosimama mstarini.

Nikafungua begi langu.

Niseme kidogo jinsi ninavyopaka, kwa kuwa safari yenyewe inategemea hapo. Natumia amerikani, kitambaa kile kigumu cha pamba ambacho meli za Massachusetts zilikileta pwani yetu katika karne ya 19 na ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina la walikotoka wauzaji wake. Lazima kifuliwe kwanza kwa maji moto na sabuni mpaka wanga wa kiwandani utoke, maana rangi haishiki juu ya wanga. Hukaa kama mgeni mlangoni. Baada ya hapo natumia sifongo, brashi kuukuu ya viatu, uma, na bamia iliyokatwa kichwa, ambayo huacha nyota safi kuliko muhuri wowote. Sichori samaki wala mnazi. Ukichora samaki kwenye kitambaa unachokusudia kukikata, utapata nusu samaki, na nusu samaki huomba huruma popote utakapoishona. Doa, mfuruo, mchirizi na alama ya sifongo havina nusu. Ukivikata vinazidi kunoga. Nina kitambaa kimoja nilichokipaka vizuri mno miaka iliyopita, na mpaka leo hakijaguswa na mkasi. Kwa kazi hii ni hasara tupu.

Nyar Gwassi akavinyanyua kimoja kimoja, akavitazama kwenye mwanga, akavigusa upande wa nyuma kuona rangi imepenya kiasi gani. Hakusema vizuri wala vibaya. Alipofika kwenye kipande cha manjano na waridi ambacho nilikipenda sana, akauliza kwa upole kabisa, "Na hiki ulimwagikiwa?"

Wajukuu wakacheka hadi wakakaa chini.

Halafu akainama chini ya meza, akavuta kipande cha rangi ya damu ya mzee, akakilaza kando ya yale manjano yangu. Kitu kikatulia. Manjano ambayo Mombasa yalikuwa yakinipigia kelele juani yakashusha sauti, yakaanza kuonekana yalivyo: yana mistari ya uma ndani yake, yana waridi linalochungulia. "Rangi zako ziko na kelele," akasema. "Zinataka mwalimu wa zamu." Nimesoma vitabu kadhaa vya kushona na kuhudhuria mafunzo ya watu waliolipwa vizuri, na sijawahi kusikia kanuni ya rangi ikielezwa kwa maneno machache hivyo. Kitambaa kilichopakwa kwa mkono hakiwezi kukaa na kitambaa kingine kilichopakwa kwa mkono muda mrefu bila ugomvi. Kinahitaji kimya pembeni yake, na hakuna kimya kinachoshinda sare ya shule.

Upakaji wa pili tuliufanya pale pale, kwa unga wa muhogo. Huko muhogo ni chakula cha kila siku, hivyo nilipoomba bakuli la unga nipikie uji wa kupaka kwenye nguo, palitokea ukimya wa kuhesabiwa. Nikaeleza kwamba Wayoruba wa Nigeria wana kazi yao maarufu ya adire ambayo huchorwa kwa uji huo huo: palipo na uji, rangi haifiki. Nyar Gwassi akasikiliza mpaka mwisho, akamtuma mtoto alete ule unga wa chini ya debe, uliokwisha kuota uvundo. Busara.

Uji unapikwa mzito, unapoa, unatiwa kwenye mfuko wa maziwa uliotobolewa kona kwa sindano. Ukiufinya, unatoka uzi mnene mweupe, na mkono unaupeleka utakako. Watoto walichukua mfuko bila kuomba ruhusa. Wakachora nyavu, wakachora boda boda, wakachora mstari mrefu usio na kitu ambao aliyeuchora alisema ni barabara ya kwenda Magunga. Amerikani ikalazwa juu ya mawe ya ufuoni, kando ya omena waliokuwa wakimalizikia kukauka, tukaweka kijiti cha kufukuza yangeyange. Jua la huko halina mzaha. Kufikia alasiri uji ulikuwa umekauka ukavunjika mapande mapande kama udongo wa bwawa. Hapo ndipo utamu ulipo. Tulipopitisha rangi ya buluu kwa sifongo, ikaingia kwenye kila ufa, ikachora mishipa ambayo mkono wa mtu hauwezi kuichora. Jioni visubi wa ziwani walikuja kama kawaida yao, na baadhi walinasa kwenye rangi mbichi. Nilitaka kuwatoa. Mtoto mmoja akanizuia: ukiwaondoa wakati rangi haijakauka, utaharibu, waache, watabanduka wenyewe na wataacha alama. Waliacha. Vidoa vidogo vyeupe, pacha pacha, kama vishimo vya sindano.

Siku iliyofuata kitambaa kilipigwa pasi ya makaa upande wa nyuma, gazeti kuukuu likiwa katikati, ili joto liikamatishe rangi, kisha kikaloweshwa kwenye karai. Uji uliachia wenyewe, ukaelea, ukamwagiwa kuku. Harufu ya omena haikuachia. Ninayo hadi sasa kwenye kabati, na mume wangu ameacha kuuliza.

Watu hudhani kushona bila mchoro ni kushona bila kanuni. Kinyume chake: mchoro ukikosekana, jicho ndilo linalobeba kazi yote, na jicho huchoka haraka kuliko mkono. Nyar Gwassi hakutumia rula wala tepu hata mara moja kwa kazi hii, ingawa tepu ilikuwa shingoni mwake wakati wote, maana ni ya kazi ya sare. Alichukua vipande viwili, cha kwangu cha rangi na chake cha kijani, akavilaza kimoja juu ya kingine, vyote uso juu, akapitisha mkasi katikati kwa mkato uliojikunja kidogo kama ukingo wa ziwa. Sasa ana nusu nne. Nusu ya juu ya upande wa kulia akaiunganisha na nusu ya chini ya upande wa kushoto. Mkunjo wa moja unaingia kwenye mkunjo wa nyingine kwa kuwa zilikatwa pamoja. Akaweka kwenye cherehani bila pini, akawa anazungusha kitambaa kwa ncha za vidole huku mguu ukikanyaga polepole. Kilipotoka kilikuwa kimefura katikati kama shavu. Akakinyunyizia maji kwa mdomo, akakandamiza pasi, shavu likalala. Pale ambapo halikulala alikunja pindo dogo, akalishona, akaendelea. Pindo lile, ukiliangalia kwenye kazi iliyokwisha, utadhani lilikusudiwa tangu mwanzo wa dunia.

Kipande kikiwa kifupi, kinaongezwa. Kikiwa kirefu, kinakatwa, na kilichokatwa kinarudi kwenye rundo kungoja zamu yake. Hakuna kosa linalotupwa, ndiyo maana watoto wanaweza kukaa mezani. Mjukuu wake mdogo alishona kwa mkono vipande vyembamba tu, kimoja baada ya kingine, mpaka akapata ukanda mrefu kuliko yeye mwenyewe. Alipochoka, bibi yake aliukata mara tatu na kuulaza ukawa ngazi. Mimi nilitumia asubuhi nzima kutafuta mahali pa kuweka kile kipande cha barabara ya Magunga, na kila nilipokiweka kilionekana kimepotea njia. Mwishoni Nyar Gwassi alikigeuza kikasimama wima, akasema barabara ile kweli inapanda.

Mshona tanga alipita jioni, si kwa kualikwa, bali kwa sababu ukumbi ule ndiko watu wanakopita. Ni mtu mzima, mwenye sindano kubwa ya chuma kwenye mfuko wa shati. Alichukua kazi yetu, akavuta mshono kwa vidole gumba viwili, akatikisa kichwa. Kwa kitanda utafaa, akasema. Kwa kufuliwa kila wiki hautamaliza mwaka. Akaomba sindano, akatuonyesha mshono wake: pindo la kitambaa kimoja linafunika pindo la mwenzake, linalazwa, linashonwa, linapinduliwa, linashonwa tena, hivi kwamba hakuna ukingo unaobaki wazi kwa upepo kuung'ata. Akatuambia jambo jingine ambalo sikulijua. Kiraka cha tanga hakikatwi kulingana na tundu. Kinakatwa kikubwa zaidi, kivuke tundu mpaka kifike kwenye nguo iliyo nzima, na kilazwe kwa kufuata mvuto wa upepo, hata kama ni mshazari. Ndiyo sababu tanga nililoliona siku ile halikuwa na mstari ulionyooka. Kila mstari ulikuwa unajibu upepo wa mahali pake.

Ufuo mzima ulikuwa umejaa somo hilo hilo kwa aliyekuwa na macho. Mbao za mashua zimepakwa nyekundu, manjano na buluu, na juu yake namba za usajili zilizoandikwa kwa mkono. Rangi iliyobaki kwenye kopo hupakwa mlango wa kibanda, na mlango wa kibanda ukivunjika unakuwa ubavu wa mashua nyingine. Hata chandarua hakikai kwenye kazi moja. Mwaka 2008 watafiti waliandika katika jarida la Malaria Journal kwamba katika vijiji vya wavuvi vya upande huu vyandarua vya mbu vilikuwa vinatumika kuanikia samaki na kuwavulia. Siwatetei: malaria inaua, na chandarua mahali pake ni kitandani. Lakini nilipoona wavu kuukuu ukitandikwa chini ya omena, kisha ukikunjwa kuwa kamba, kisha kamba ikifunga mlango wa zizi, nilielewa kwamba kitambaa hapa hakijui neno kustaafu.

Sisi wa pwani tusijione wageni wa mambo haya. Leso tunayoifunga na kutolea maneno ilianza kama kazi ya viraka. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Mombasa na Zanzibar walinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa, vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora, wakakata vitatu vitatu, wakaunganisha safu mbili, wakapata nguo ya vipande sita ya kujitanda. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza ichapwe nzima, na mshono ukafa. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lenye chapa ya Mali ya Abdulla, linahesabu biashara yake tangu 1887. Leso mbili zenye chapa hiyo nilikuwa nimezileta kama zawadi. Moja Nyar Gwassi aliifunga kiunoni. Ya pili aliitazama, akaniuliza kama nitakasirika, akaifanya mgongo wa mfarishi wetu. Jina la chapa likafichika, ila ujumbe wa leso ukabaki upande wa chini, ambako atakayelala ndiye atakayeusoma kwanza.

Uganda nako, walikotoka wazee wa Abasuba, kuna nguo ya gome la mtuba, ambayo utengenezaji wake UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu. Gome hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifereji mpaka linapanuka na kulainika, na kwa kuwa mti una vifundo, nguo hutoka na matundu. Mafundi huyaziba kwa viraka vya gome hilo hilo. Niliwahi kusimama mbele ya nguo moja ya namna hiyo Kampala, na kilichonivutia hakikuwa wekundu wake bali viraka: kila kimoja kina umbo lake, kwa kuwa kila tundu lilikuwa na umbo lake.

Lakini ndugu wa karibu kabisa wa mfarishi wa Sindo, kwa maoni yangu, wako mbali zaidi, upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Katika misitu ya Karnataka, India, wanaishi Masiddi, uzao wa watu waliovushwa kutoka Afrika, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mfarishi unaoitwa kawandi. Hawana fremu, hawana cherehani, hawana mchoro. Wanaanza kwenye ukingo, wanaweka kipande cha sari kuukuu, wanakishonea moja kwa moja kwenye nguo ya chini kwa mshono wa mbio, kisha kingine, wakizunguka pande zote nne na kuelekea ndani, mpaka wanakutana katikati. Kwenye kila kona wanaweka kitambaa kilichokunjwa pembe, wanakiita phula, yaani ua. Mwaka 2011 kazi zao zilioneshwa Schomburg Center, New York. Nilimsimulia Nyar Gwassi habari hizo tukiwa tunashindilia tabaka la katikati, ambalo ni blanketi lililokwisha. Akauliza swali moja tu: nao walikuwa wanaacha kona hivi hivi kabla ya kuweka lile ua? Nikasema kona bila ua, kwao, haijaisha. Akachukua vipande vya miraba myekundu ya shati, akavikunja pembe, akaweka viwili kwenye kila kona. Siwezi kudai kuna uzi uliovuka bahari ukarudi. Najua tu kwamba hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Waamerika nao wana mfano wao mashuhuri, wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, waliokuwa wakishona mablanketi ya nguo za shamba ili wasife baridi, na ambao mwaka 2002 kazi zao ziliingia Whitney Museum ya New York zikasifiwa kama kazi za ajabu za sanaa ya kisasa. Nasema hivi kwa wivu kidogo. Tanga la Sindo lenye jicho la mgombea lingetundikwa ukuta ule, watu wangenong'ona mbele yake.

Hapa kwetu viraka bado ni tusi. Ndilo tatizo halisi, na halitatuliwi kwa rangi. Nyar Gwassi aliniambia kwamba alipotandika mfarishi wa kwanza wa namna hii kitandani mwa mgeni, jirani alimuuliza kama mwanawe aliye Nairobi amepoteza kazi. Kuna duka la zawadi katika mji mmoja mkubwa, nisilitaje, lililomwambia kazi yake ni nzuri ila aweke twiga. Twiga yupo, wala si mbali, ng'ambo ya vilima katika Mbuga ya Ruma. Tatizo si twiga. Tatizo ni kwamba mnunuzi anataka picha ya mahali, wakati anayeshona amekwisha kutia mahali penyewe ndani: sare za watoto wake, unga wa debe lake, visubi wa jioni yake. Na bei waliyotaja ilikuwa ya blanketi la kiwandani. Kwa bei hiyo ni afadhali alalie mwenyewe, na ndivyo anavyofanya.

Siku nilipoondoka nilipitia Bonde la Lambwe badala ya Mbita. Bonde hilo limebeba sifa mbaya ya mbung'o na malale kwa miaka mingi, na mojawapo ya silaha zinazotumika dhidi ya mdudu huyo ni kitambaa: mitego ya buluu na nyeusi. Buluu humvuta kutoka mbali, nyeusi humfanya atue. Nyasi zilikuwa ndefu, upepo ukivuma ule ule wa ziwani, na nikawa nafikiria jinsi ya kuweka buluu ya uji wa muhogo karibu na suruali nyeusi ya sare. Mfarishi wenyewe nilikuwa nimeuacha. Ulikuwa wake kwa haki, na tena ulikuwa bado haujakauka.

Ukienda Sindo kwa shughuli hii, nenda mwezi ukiwa mpevu. Usiku wa giza kila mkono uko kwenye omena na hakuna atakayekusikiliza. Chukua amerikani iliyokwisha kufuliwa na uzi wa pamba wa kutosha, kwa kuwa wa naironi hukata kitambaa kilichopakwa rangi. Usibebe picha za mifano. Na ukiambiwa bei, usipunguze.